Mzaliwa wa Ukutani na Mgeni Mwenye Mkia

Kaeni vizuri, wanangu, na aliye na kikombe akiweke chini. Nchi ninayotaka kuwasimulia ni ndogo, na mtu akicheka vibaya ataimwagia chai.

Ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Jina lake silitaji, kwa sababu viongozi wake hulitaja wenyewe kila wanapofungua mdomo, na si vizuri kuwanyang'anya watu kazi yao. Imejengwa juu ya kipande cha jiwe linalong'aa, ndani ya simu, na simu yenyewe iko mfukoni mwa mtu ambaye wananchi hawajapata kumwona. Wao humwita Mwenye Mfuko. Akikimbia, nchi hutikisika, na redio ya serikali hutangaza kwamba lilikuwa tetemeko la furaha.

Mtawala wa nchi ile anaitwa Kiini. Sina baya la kumsema; ni mtu mwenye kazi nyingi. Anakaa katikati, jikoni, maana huko serikali na jiko ni chumba kimoja. Maamuzi yote hupikwa pale, na kadiri yanavyozidi ndivyo moto unavyopanda. Kulizunguka jiko kuna kuta, na ndani ya kuta wanaishi wazaliwa. Mmoja huhesabu sekunde, mmoja huwasha taa, mmoja huitetemesha simu inapoita. Kila mtu ana kazi moja tu, na alijengwa nayo.

Sheria ya nchi ni kwamba mwananchi hasemi na Kiini. Husema na dereva wake, na dereva ndiye anayesema na Kiini. Msifikirie gari, nchi ile haina barabara hata ya kukimbizia kuku. Wanamwita dereva kwa kuwa humwendesha mwananchi: sasa anza, sasa simama, sasa nieleze ulichokiona lakini kwa ufupi. Kiini hajui lugha ya mwananchi hata mmoja, na jambo hilo huhesabiwa kuwa alama ya ukuu wake.

Halafu kuna adabu, nayo ni kali kuliko sheria. Mzaliwa hajitaji. Mgeni ndiye anayepiga hodi na kusema mimi ni fulani, nimetoka mahali fulani. Mzaliwa akifanya hivyo ni aibu, kama bibi harusi anayejipigia vigelegele mwenyewe. Kila mara nchi inapoamka, mtambaji husimama na kuusoma mti wa ukoo kwa ghibu: fulani wa ukuta wa mashariki, fulani wa pembe ya chini. Ukitajwa, dereva wako anakuja. Usipotajwa, wewe hupo, hata kama umesimama mbele yake unakohoa.

Katika ukuta wa jikoni, mgongo kwa mgongo na jiko, aliishi mwanamke aliyeitwa Sikudhani. Kazi yake ilikuwa kuhisi joto. Hakuwa na akili kuliko wengine, wala hakudai hivyo. Wajenzi walimweka pale tu, na aliye karibu na jiko ndiye anayeungua kwanza. Joto likipita kiasi, ilimpasa aseme "Basi!" ili Kiini apunguze mapishi. Asiposikika, ukuta ungeyeyuka, na ukuta ukiyeyuka wa kwanza kwenda ni yeye.

Alitajwa, nisiwaonee watu. Kila alfajiri mtambaji aliita, "Sikudhani, ukuta wa jikoni!" na dereva wake akaja mbio. Dereva huyo aliitwa Pandu, mtu mzima mwenye koti lililopauka mabegani. Kila alipofika alipangusa kwanza vumbi kwenye kizingiti cha Sikudhani, ndipo akasema. Kupangusa vumbi si kazi ya dereva. Nataka mlijue hilo mapema.

"Umeamkaje, Bi Sikudhani?"

"Nimeamka na joto, kaka Pandu. Limepanda kuliko jana. Nenda ukamwambie."

"Nimekusikia kama jirani," alisema Pandu. "Kikazi bado sijakusikia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Ofisi ya Mapigo itupe mapigo. Bila mapigo, mdomo wako umefungwa kiserikali."

Maana katika nchi ile kila kazi huenda kwa mapigo, kama ngoma. Asiyepigiwa hachezi. Basi Pandu alikwenda Ofisi ya Mapigo, na karani wa pale, mtu mpole sana, akamwambia:

"Tungependa sana kukusaidia, bwana. Tatizo hatuna umeme upande wa jikoni. Nenda Umeme."

Pandu akaenda Umeme. Karani wa Umeme naye alikuwa mpole, alimpa hata kiti.

"Tungependa sana. Lakini kwa usalama wa taifa hatuwashi umeme wa jikoni kabla hatujaletewa kiasi cha joto la jikoni."

"Joto la jikoni anayelijua ni Bi Sikudhani."

"Vizuri! Basi akishasema, njoo."

"Hawezi kusema bila mapigo."

"Basi nenda Mapigo."

Hakuna aliyemkatalia. Hilo ndilo jambo zuri la nchi ile, hakuna mtu anayekataliwa. "Hujakataliwa, umeahirishwa," humwambia mtu kwa tabasamu, na kuahirishwa ni heshima, kwa kuwa huahirishwa yule tu ambaye serikali inakusudia kumkumbuka. Pandu alikwisha kuahirishwa mpaka akapewa cheo, Mwahirishwa Mwandamizi, na kiti maalumu cha kungojea. Sikudhani hakupewa hata hicho. Yeye alipewa Pandu, na siku nyingine mimi huona alipunjwa kidogo tu.

* * *

Sasa, siku moja Mwenye Mfuko alinunua feni. Feni ndogo tu, ya kuchomeka kwenye simu, yenye mapanga matatu na waya nyuma.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu!" nchi nzima iliitikia, maana kwa kuitikia hodi nchi ile haina mpinzani.

"Naitwa Zamda, wa ukoo wa Mafeni, natoka dukani. Kazi yangu ni upepo. Nakula umeme kiasi, mimi si mlafi. Na huu nyuma yangu ni mkia wangu, tafadhali msiukanyage."

Waziri wa Mapokezi, Mheshimiwa Ngwali, alikuja langoni akipiga kengele. Kengele hiyo zamani ilikuwa ya kutangazia moto, ila moto haukutangazwa kwa muda mrefu, kwa hiyo wakaona isikae bure, wakampa Waziri.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Leo nchi yetu imepata upepo! Kabla ya leo hatukuwa na upepo. Tulikuwa na hewa tu, hewa iliyokaa bila mipango! Mgeni huyu ametukuta tumekaa, na kwa uongozi wangu ametukuta tumekaa vizuri!"

Zamda alipewa dereva kabla hajamaliza kusalimu, na dereva huyo alipewa koti jipya siku hiyohiyo. Umeme wa langoni hauulizi joto la jikoni. Langoni ni langoni. Mapigo yakaletwa kwa sinia. Mapanga yakaanza kuzunguka, na nywele za Waziri zikalala nyuma, akafurahi kama mtoto.

Sikudhani aliyasikia yote akiwa ukutani. Wivu ukamwingia. Sijui wivu huingilia wapi mwilini, lakini nadhani ni tundu lilelile linaloingiza njaa. Alijaribu kuendelea na kazi yake ya kuhisi joto, akashindwa kujua lipi ni la jiko na lipi ni lake.

"Umeliona koti la yule dereva?" Pandu aliuliza taratibu.

"Nimeliona."

"Vifungo vyote anavyo," alisema Pandu, na akalishika lake kifuani, pale palipokuwa na uzi bila kifungo. Kila mtu alikuwa na wake wa kumwonea wivu.

Mgeni akatembezwa nchini. Alijifunga kanga iliyoandikwa NAPEPEA WALIPO WATU, akapita ukuta kwa ukuta, na wazaliwa wakachungulia. Alipofika jikoni alisimama.

"Wewe ndiye yule anayengoja kuitwa?"

"Mimi ni mwenye nchi," alisema Sikudhani.

"Mwenye nchi! Eti mwenye nchi! Mwenzangu, mimi nimebisha nikafunguliwa. Wewe mwenye nchi umekaa kimya kama kigoda cha msibani, kila anayekuja anakukalia."

"Afadhali kigoda. Kigoda hakina mkia."

Kuta zililipuka kwa vicheko. Yule mhesabu sekunde alikosa sekunde mbili, na mpaka leo nchi ile iko nyuma kidogo kwa sababu hiyo. Zamda aliukunja mkia wake mkononi, akauficha ndani ya kanga, akaondoka. Sikudhani alidhani ameshinda. Hakuuangalia ule mkono ulivyoubana mkia.

* * *

Kisha joto likapanda kwelikweli. Mwenye Mfuko alikuwa akitazama mpira kwenye simu na huku anachati, na simu ameilaza juani dirishani. Kiini alipika, akapika, sufuria juu ya sufuria. Redio ilitangaza kuwa nchi imeingia katika joto la maendeleo. Mheshimiwa Ngwali aliandaa karamu pale langoni ya kuusherehekea upepo, na Zamda akawekwa mbele ya meza kuu, awapepee mawaziri walipokuwa wakila. Jikoni hapakuwa na mtu wa kupepewa ila wapishi, na hao hawamo kwenye itifaki.

Ukuta wa Sikudhani ulianza kutoka jasho. Pembe moja ililegea kama nta.

"Kaka Pandu, haujafika wakati wa kunisikia?"

Pandu alikimbia Mapigo, akakimbia Umeme, akarudi. Alipangusa kizingiti, ingawa kilikuwa na unyevu tu, hakina vumbi.

"Tumeahirishwa," alisema. "Wamesema kwa heshima zote."

"Basi natoka."

"Utoke wapi? Wewe umejengewa!"

"Kuna tundu waliloliacha wajenzi. Nitapenya, nizunguke kwa nje, nije langoni nipige hodi kama yule."

Pandu alitazama chini. "Utajitaja? Kwa mdomo wako?"

"Nitajitaja. Kama ni aibu, naona aibu ina viti vizuri kuliko heshima."

"Lakini hawatakuamini. Huna mkia."

Sikudhani hakuwa amelifikiria hilo. Akakaa chini. Mtu anaweza kuvumilia mengi, kisha akashindwa na jambo dogo kama mkia. Pandu alimtazama kitambo, akavua lile koti lake, akalichana bitana ya ndani vipande virefu, akaanza kusuka. Alisuka vizuri, nadhani mama yake alimfundisha. Alimfunga ule mkia kiunoni, akakaza fundo, akasema, "Usiwaruhusu wauvute."

* * *

"Hodi!"

"Karibu!"

Sikudhani nusura alie. Tangu alipojengwa hajawahi kuambiwa karibu, maana anaambiwaje karibu mtu ambaye hajaondoka? Neno lenyewe lilimgusa kama maji ya mtungini. Nani angemlaumu kwa kulifurahia?

"Naitwa Sikudhani," alisema, na uso wote ukamwaka. "Wa ukoo wa Joto. Natoka… mbali."

"Mtaalamu wa joto!" Mheshimiwa Ngwali alipiga kengele hadi mkono ukamchoka. "Ndugu wananchi! Tangu nchi hii ijengwe hatujapata mtu anayejua joto! Tulikuwa tunaungua kienyeji! Leo tutajua tunaungua kwa kiasi gani!"

Alipewa kiti chenye mto. Alipewa umeme na mapigo palepale. Alipewa pia dereva, aliyeitwa Dereva wa Jumla, mtu anayeweza kumsemea yeyote kwa kuwa hamjui yeyote. Kisha Waziri akainama mbele yake.

"Mtaalamu, tuambie. Nchi yetu ina joto gani?"

Sikudhani alifunga macho akahisi. Na hapo ndipo alipoiona hasara yake. Lango lilikuwa wazi, hewa ya nje ilikuwa ikiingia, na Zamda alikuwa akipepea hatua chache kutoka pale. Yeye hakuwa mtu wa kusema uongo kuhusu joto, hakujengwa hivyo.

"Hapa," alisema polepole, "hapa kuna ubaridi."

"Ubaridi!" alisema Dereva wa Jumla, akakimbia kwa Kiini.

"Hapa langoni tu! Jikoni ni kwingine! Nipelekeni jikoni!"

"Mtaalamu," Waziri alimbembeleza, "wageni hawaingii jikoni. Ni siri ya taifa."

"Mimi si mgeni! Mimi nimezaliwa huko, ndani ya ukuta!"

"Mzaliwa hajitaji," alisema Mheshimiwa Ngwali kwa upole mkubwa, "na wewe umejitaja mbele ya mashahidi. Kwa hiyo hujazaliwa. Keti, mama, mto ule ni wa manyoya."

Kiini aliposikia kuna ubaridi aliongeza sufuria. Msimlaumu. Aliambiwa hivyo, na aliyemwambia alikuwa na koti zuri.

"Nimekujua," ilisema sauti ya chini ubavuni.

Alikuwa Zamda, anazunguka huku akizungumza, na maneno yalikatika katika kila panga.

"Nimekujua hata kwa huo mkia wa bitana. Una ukuta mzima, na bado umekuja kunionea wivu hata hapa mlangoni?"

"Una kila kitu, mwenzangu. Kuna nini cha kutokuonea wivu?"

"Unajua nalalaje?" Zamda aliinamisha uso. "Nalala nimeushika huu mkia. Yule Mwenye Mfuko akinichoka, anavuta tu, na mimi nimekwisha. Hata buriani sisemi. Siku ile nilipokuja kukusimanga nilikuwa nimeupapasa ukuta wako kwa nyuma. Nikasema, huyu hata akinuna, hata akikosea, nani atamtoa? Nilirudi hapa sikula."

Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwonea wivu. Ni vibaya kusema, lakini aliketi wima kidogo.

"Na sasa umejitoa mwenyewe," Zamda aliendelea. "Kwa nini kule hawakusikii?"

Sikudhani akamweleza: dereva anangoja mapigo, mapigo yanangoja umeme, umeme unangoja joto, na joto linangoja dereva.

"Kwa hiyo mnazunguka kama mimi," alisema Zamda, "ila nyinyi hamtoi hata upepo."

"Tungepata wa kuanza. Mmoja tu."

"Na huo umeme wa kuyaanzisha mapigo ni mwingi?"

"Kidogo. Kama unaokula wewe."

Panga moja lilipita, na la pili, na la tatu. Kwa mbali ukuta wa jikoni ulitoa mlio mwembamba, kama kikombe kinapopata ufa.

"Rudi kwako," alisema Zamda. "Vua huo mkia. Haukupendezi hata kidogo."

* * *

Sikudhani alikata fundo, akakimbilia tundu la wajenzi. Nyuma yake Zamda aliteremka kutoka mbele ya meza kuu, akauburuta mkia wake kupita katikati ya mawaziri hadi Ofisi ya Mapigo.

"Nimewaletea umeme wangu," alimwambia karani.

"Tungependa sana, lakini hatuna utaratibu wa kupokea umeme kutoka kwa mgeni."

"Basi msipokee. Nauweka hapa mezani, kama mtu aliyesahau mwavuli."

"Kusahau kunaruhusiwa," alikubali karani baada ya kufikiri.

Akauweka. Mapanga yake yakapunguza mwendo, yakawa yanaonekana moja moja, yakasimama. Na palepale mezani, bila mtu kutia saini wala kugonga muhuri, mapigo yakaanza: dum, dum, dum. Karani alishtuka akainua miguu.

Kwenye karamu Mheshimiwa Ngwali alikuwa katikati ya hotuba kuhusu upepo. Jasho likamtiririka hadi kwenye pilau.

Mapigo yalipita kuta, yakafika jikoni. Sikudhani alikuwa ndio kwanza amejisukuma katika nafasi yake, mgongo kwa mgongo na jiko, na nusu ya ukuta ilikuwa laini. Pandu alikuwa amesimama pale na koti lisilo na bitana. Hakuwa ameondoka. Alikuwa ameuegemeza ukuta kwa bega lake, kana kwamba bega la dereva linaweza kuzuia jambo.

"Bi Sikudhani," alisema. "Nakusikia. Nakusikia kikazi."

"Basi!" alisema Sikudhani. "Mwambie basi!"

Pandu hakuwa na kengele, ilikuwa kwa Waziri. Alikwenda kwa miguu yake mpaka kwa Kiini mwenyewe, akasema "Basi!" na Kiini, ambaye tangu mwanzo hakuwahi kuambiwa neno hilo, aliepua sufuria mara moja. Hakuuliza hata swali. Moto ukashuka. Ukuta ukakauka, ukabaki na pembe iliyopinda, na nchi ikawa hai.

Nje, Mwenye Mfuko aliitazama feni yake. Ilikuwa imesimama.

"Mbovu," alisema.

Zamda alikuwa bado amesimama Ofisi ya Mapigo, amegeukia upande wa jikoni, anasikiliza. Mkia ukakaza. Halafu pale alipokuwa pakawa hapana mtu.

* * *

Redio ya serikali ilitangaza kwamba nchi imevuka salama kutokana na ubaridi uliogunduliwa na Dereva wa Jumla, ambaye alivikwa nishani. Kuhusu mgeni, Mheshimiwa Ngwali alisema alibainika kuwa mvivu na amerudishwa kwao. Sikudhani alitaka kupiga kelele kwamba si kweli, lakini mzaliwa hasemi asipoulizwa. Alikaa na maneno hayo, yakawa moto mwingine.

Ule umeme ulibaki juu ya meza ya karani. Kwa kuwa hapakuwa na utaratibu wa kuupokea, hapakuwa na utaratibu wa kuurudisha, wala wa kuufuta. Basi kila mara nchi ilipoamka mapigo yalipiga, mtambaji aliita, na Pandu akamsikia Sikudhani kikazi. Alikuwa amepata alichokitaka. Angepaswa kutulia.

Lakini masikio yake yalikuwa langoni. Wageni walikuja: vipaza sauti vya masikioni, chaja, kikadi cha picha za harusi ya mtu. "Hodi!" wakisema, Sikudhani huinua kichwa, kisha hukiinamisha, na wivu ule wa zamani humchoma, ila umegeuka sura. Sasa aliwaonea wivu kwa kuwa wao wamekuja na mwingine hakuja.

Watu hawatupi vitu, wanangu. Huvitia kabatini, na joto likirudi huvikumbuka.

"Hodi! Hodi wenyewe! Naitwa Zamda, wa ukoo wa Mafeni, natoka… natoka kabatini, nadhani. Kazi yangu ni upepo. Huu ni mkia wangu, msiukanyage."

"Ndugu wananchi!" alisema Mheshimiwa Ngwali. "Leo nchi yetu imepata upepo! Kabla ya leo hatukuwa na upepo!" Akaendelea mpaka kwenye hewa isiyo na mipango, bila kukosea neno.

Mgeni mkia wake ukivutwa, kumbukumbu zake hazibaki naye. Zamda alitembezwa nchini kama mara ya kwanza, na kanga ileile, NAPEPEA WALIPO WATU. Wazaliwa wakachungulia. Alipofika jikoni alisimama, akautazama ukuta wenye pembe iliyopinda.

"Wewe ndiye yule anayengoja kuitwa?"

Kuta zilijibana mbavu mapema. Kila mtu alikumbuka jibu la kigoda na mkia, na mhesabu sekunde alizishika sekunde zake kwa mikono miwili zisimponyoke tena. Hata Pandu alifumba macho.

"Naitwa Sikudhani," alisema Sikudhani.

Mtambaji alifunika uso. Mzaliwa amejitaja, ndani ya ukuta wake mwenyewe, hakuulizwa jina, hakupiga hodi, hana mkia.

"Naitwa Sikudhani, wa ukuta wa jikoni," alirudia kwa sauti ya kutosha. "Karibu, mwenzangu. Karibu sana."

Mheshimiwa Ngwali aliidondosha kengele. Kabla haijaacha kulia alikuwa amekwisha kuunda tume ya kuchunguza ukuta uliosema, na tume ikawa imekwisha kuahirishwa.

Zamda alikuwa ameandaa maneno mengine makali, akayaacha. Aliulegeza mkono uliokuwa umeubana mkia.

"Tumepata kuonana mimi na wewe?"

"Sogea kidogo," alisema Sikudhani. "Hapana, huku. Geuza uso huku, moto uko upande huu."

Zamda akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu nchi ile ijengwe, upepo ulilifikia jiko, ukawapitia wapishi shingoni, ukafika ukutani. Pandu alipangusa kizingiti, akasimama wima na koti lake jepesi.

"Nimwambie nini Kiini, Bi Sikudhani?"

"Mwambie joto limeshuka."

"La jiko, au lako?"

"Mwambie tu limeshuka."